Gari Letu la Okazyo

Harufu ya mazutu, yaani dizeli, hunikasirisha. Mtu mwingine akipita nyuma ya lori linalotoa moshi huziba pua na kuendelea na safari yake, lakini mimi hasira hunipanda kwanza, kisha ndipo ninapojiuliza ni ya nini. Juzi kwenye kituo cha mafuta, hapa hapa Likasi, kijana aliyekuwa anajaza tangi la mteja alinimwagia kidogo kwenye viatu. Nikamgombeza kwa maneno mengi kuliko kosa lake. Nilipofika nyumbani nikavua vile viatu na kuviweka nje, na harufu ilipozidi kuingia dirishani nikatambua kwamba niliyekuwa namgombeza alikuwa baba yangu, kwa jambo la tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, wakati tunakaa Kakontwe.

Niwaeleze, maana mkishajua mtanihurumia.

Mama alikuwa analima nyanya. Shamba lilikuwa kando ya kijito, upande wa barabara ya Mulungwishi, na wakati wa baridi, maji ya mvua yanapokosekana kwa wengine, nyanya zake zilikuwa zinaiva vizuri hata wapita njia wanasimama kuziangalia. Shida haikuwa kulima. Shida ilikuwa kuzitoa pale. Kila msimu tulikuwa tunazipanga kwenye vitunga kando ya barabara na kusubiri lori la kukodi, na lori likija limejaa, au lisipokuja kabisa, nyanya zilikuwa zinatokwa maji mbele ya macho yetu. Mama alikwisha kuapa kwamba zikioza msimu mmoja tena, anarudisha sehemu ya chini ya shamba, aliyoikodi, kwa mwenyewe na kurudi kukaanga mikate ya kuuza. Nilimwamini. Mama yangu hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Ndiyo maana aliponunua gari, alilinunua kwa makini kama mtu anayechagua mkwe. Lilikuwa kamyoneti jeupe la mazutu, lenye sehemu wazi ya kubebea mizigo nyuma, mali ya fundi mmoja wa umeme aliyekuwa anahama kutoka upande wa Koni. Hakuwa amelitumia sana. Tulipofika mara ya kwanza tulilikuta tayari linanguruma uani, na yule fundi anatabasamu. Baba alitabasamu pia. Mama alienda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Papa, zima," akamwambia fundi. "Tutarudi kesho asubui, moteri ikiwa baridi. Njo nitasikia vile iko."

"Mama, weye iko mekanisien?"

"Apana. Minye iko na nyanya."

Tukarudi kweli, asubuhi ya baridi kali ambayo mtu akisema moshi unamtoka mdomoni. Moteri ikakohoa kidogo, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Mama akainama kuangalia chini kama kuna mafuta yanayodondoka. Akafuta ndani ya bomba la moshi kwa kitambaa na kukinusa. Mwisho akapanda nyuma na kuruka ruka pale juu, mtu mzima na kitenge chake, kupima springi, na baba akageuza uso kwa aibu. Mimi sikuona aibu. Niliona fahari tupu.

"Ni okazyo, lakini iko sawa mupya," fundi akasema wakati wa kukabidhi funguo.

Sasa hilo neno ndilo lililotuponza. Kwetu okazyo ni kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Lakini okazyo ni pia safari ya bure, pale unaposimama kando ya barabara na kumwomba mwenye gari akubebe. Mimi nilijua ile maana ya pili tu. Kwa hiyo nikakaa katikati ya baba na mama, magoti yamebana kwenye gia, nikiwa na hakika kwamba tumenunua gari lenye sharti: kwa sababu ni la okazyo, haliruhusiwi kumwacha mtu njiani.

Baba ndiye aliyekuwa anaendesha, maana mama hakujua. Hatukwenda mbali, wanawake wenye magunia ya makala, makaa ya kupikia, wakanyoosha mkono.

"Shefu! Tunaomba okazyo, mupaka ku mujini tu!"

Baba akasimama. "Pandeni, nafasi iko."

Mbele kidogo wakawa wanafunzi, kisha mzee na mbuzi wake. Tulifika Kakontwe gari limejaa hadi nyuma limeinama. Mimi nilikuwa naona sheria inafuatwa.

Toka siku hiyo nyumba yetu haikupata amani. Asubuhi tulikuwa tunaamshwa na sauti mlangoni: Shefu, okazyo ya hospitali. Shefu, okazyo ya kubeba matofali. Shefu, kwaya inaenda Mulungwishi, na si mulikuwa munaenda kule kule? Mama alikuwa anajibu kutoka jikoni kwamba mutuka iko ya mashamba, lakini baba alikuwa amekwisha kutoka nje na funguo, anapangusa kioo kwa mkono wa shati. Walibishana juu ya hilo kila siku. Baba alikuwa anasema gari halipungui kwa kubeba watu. Mama alikuwa anasema linapungua mazutu, matairi na siku. Baba alikuwa anasema hatukai hapa peke yetu. Basi mama anasukuma bukari, ule ugali wetu, kwa nguvu hadi sufuria linahama juu ya mbabula, jiko la makala.

Halafu ikafika siku ya nyanya.

Tulichuma tangu jana yake, mimi, mama na shangazi mmoja, na vitunga vilikuwa vimepangwa chini ya nyasi kando ya barabara. Mpango ulikuwa wazi, mama aliurudia mbele ya baba mara nyingi hata mimi mtoto niliujua kwa moyo: baba anafika asubuhi mapema, tunapakia, gari linaingia Lubumbashi kabla jua halijakuwa kali, wakati wanunuzi bado wapo sokoni. Tukakaa juu ya mawe kusubiri. Jua likapanda. Kila moshi tuliouona mbali mama alisimama, akakaza kitenge kiunoni, na gari likapita, si letu. Mchana tukahamisha vitunga kufuata kivuli. Kivuli kikaisha. Nyanya za chini zikaanza kulowesha vitunga, na nzi wakaja, na mimi nikaanza kulia kwa hasira, kwani nilikuwa nimechuma hadi vidole vimebaki kijani na sasa nawafukuza nzi kwa tawi.

Baba alifika jua linaelekea kuzama. Nyuma ya gari kulikuwa na viti vya plastiki, vimepangwa hadi juu ya paa na kufungwa kamba.

"Mama Ngalula, unisamehe," akasema kabla hajashuka. Ngalula ni mimi. "Kulikuwa kilio kwa Papa katekisti. Balikosa mutuka ya kubeba viti. Nikabeba. Kisha bakakosa ya kubeba bantu ku makaburi. Ningesema nini?"

"Na nyanya?"

"Tutapakia. Nafasi iko."

Nafasi haikuwepo. Tulipenyeza vitunga katikati ya miguu ya viti, vingine tukaviweka juu yake, na kila gari liliporuka kwenye shimo nilikuwa nasikia kitu kinapasuka. Sokoni Lubumbashi hatukufika. Tuliuza chache kwa majirani, kwa bei ya kuomba, na zilizobaki tukala: nyanya na bukari, nyanya na samaki, nyanya na nyanya. Mpaka leo sipiki mchuzi mwekundu kwangu. Na mama alitimiza kiapo chake. Alirudisha sehemu ya chini ya shamba, ile nzuri iliyo karibu na maji, na kununua karai la kukaangia mikate. Lile gari alilolisikiliza likiwa baridi, lile alilorukia nyuma mbele ya watu, likaendelea kubeba viti.

Nilimkasirikia baba miaka mingi. Lakini nitasema ukweli, mama pia nilimkasirikia, tena zaidi. Gari lilikuwa lake. Mtu aliyemwamuru fundi azime moteri asingeshindwa kumnyang'anya mumewe funguo na kutafuta dereva mwingine. Nilikuwa nasubiri afanye hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi funguo zilikuwa kwenye msumari wake, na baba anazichukua.

Mwaka huu ndipo nilipomwuliza. Tulikuwa tunachambua mchele, na nilimwuliza kwa ukali, maana miaka haijanipunguzia.

Mama hakuinua macho. Akanikumbusha jambo nililolijua bila kulifikiria: kwamba kabla ya gari baba alikuwa anaongoza kikundi cha watu kiwandani, na wote walikuwa wanamwita Shefu, hadi barabarani, hadi kanisani. Kazi ilipoisha, jina lile liliisha pamoja nayo. Alikaa nyumbani muda mrefu bila mtu wa kumwomba chochote. Watu wakawa wanapita mbele ya mlango wetu na kunisalimia mimi, mtoto, si yeye.

"Njo siku ile ya makala," mama akasema, "ule mwanamuke akamwita Shefu. Weye uliangalia magunia. Minye niliangalia uso ya baba yako. Ningebeba funguo, nani angemwita tena vile?"

"Na weye, mama? Juu yako nani alifikiri?"

"Minye?" Akapeperusha ungo, makapi yakaruka. "Minye nilikuwa na nyanya zenye kuoza."

Hakusema kwa utani. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye bado zinamuuma, na nilishukuru kusikia hivyo, kwani nilifikiri nimebaki peke yangu. Alichagua mwenyewe, na bado amekasirika. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Baba alikuwa uani, anaota jua. Mpaka leo anaamini kwamba katika ubishi ule wa gari yeye ndiye aliyemshinda mama.