Tulivyopeleka Dizeli Biharamulo Tukarudi na Petroli

Nilitoka nyumbani kwa ajili ya Imelda. Imelda binti Bukuru wa Kirushya alikuwa mke wa mwanangu Simeo, na mwaka ule wa vita vya Kagera alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza mtoto alizaliwa amekufa kando ya barabara, kwa sababu gari la kijiji liligoma kuwaka asubuhi. Lilisukumwa mpaka jua likawa utosini, na uchungu hausubiri gari. Nilisema jambo hilo halitatokea mara ya pili, na sikulisema kwa kunong'ona.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya dizeli, tuliyoinunua kwa kahawa ya shamba la ujamaa hapa kwetu Murusagamba. Kazi yake ilikuwa kupeleka wagonjwa zahanati, maili nne kwenda na maili nne kurudi. Asubuhi za baridi haikuwaka bila kusukumwa, kwa hiyo kijiji kiliweka zamu ya kusukuma kama kilivyoweka zamu ya kulima. Wasukumaji wa mwisho nawakumbuka wote wanane: Simeo wangu, Onesmo na Yusto wana wa Ntibabara, Filbert, Sospeter wa Mama Agata, Deo mrefu, Deo mfupi, na Kasiano. Wote waliingia mgambo wakaenda vitani. Tukabaki akina mama, wazee na gari.

Dereva wetu, Gervasi Ruhinda, hakwenda kwa sababu mguu wake ulivunjika zamani. Watu walimsema sana yule mzee. Walisema mvivu, walisema akinywa pombe ya ndizi hawezi kuamka mapema kulitunza gari. Mimi nami nilisema. Siku moja akatuletea habari, tena kama kichekesho, kwamba mfanyabiashara wa Biharamulo, Bwana Athumani Mbaruku, ana Landrova ya petroli inayommaliza kwa safari za mbali, na anatafuta mwenye ya dizeli wabadilishane, gari kwa gari.

"Petroli ni gari la makarani," Gervasi alisema.

Nilimwuliza jambo moja tu, kama petroli nayo inataka wanaume wanane. Akajibu shingo upande kwamba ile ikigoma inazungushwa kwa hendeli, chuma kinachochomekwa mbele ya gari, na mtu mmoja anatosha. Siku ileile nilikuwa mlangoni kwa mwenyekiti wa kijiji, Laurenti Bagaya. Wajumbe walibishana siku mbili, wakisema dizeli ina nguvu. Niliwauliza nguvu hizo alizipata nani siku ya Imelda. Mwenyekiti akaandika barua, akapiga muhuri, na mimi kiongozi wa akina mama nikapewa niipeleke.

Jumatatu, alfajiri. Tuliisukuma akina mama kumi na mmoja, pamoja na Mzee Bitorwa ambaye alikuwa anakohoa kuliko alivyokuwa anasukuma. Imelda alikuja na tumbo lake akaweka mkono kwenye bodi, nikamfukuza. Tulianguka kwenye tope, tukainuka, tukasukuma tena, mpaka kwenye mteremko wa shule ikakohoa moshi mweusi ikawaka. Nilipanda nikiwa na matope mpaka kiunoni. Kikapu changu kilikuwa na ndizi za kuchoma, barua ya kijiji na nguo moja ya kubadili.

Saa nne tulifika kwenye kijito kilichoko kabla ya kupanda Rulenge. Mvua zilikuwa zimeanza na maji yalifika juu ya magoti. Gervasi hakupunguza hata mwendo. Aliingia, maji yakaruka pande zote, akatokea ng'ambo akicheka. Aliniambia dizeli haiogopi maji, na nimkumbushe hayo nikishapata karani wangu.

Jioni, Nyakahura. Njia ya msituni ilitutesa kwa mashimo na mbung'o, tukaomba kulala kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mkewe, Mama Kabula, alitupa ugali na maziwa ya mgando, kisha akataka kujua matope yale yalinipataje. Nikamweleza habari za kusukuma gari. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Kumbe Wasukuma wenyewe ni ninyi," alisema. "Sisi tulidanganywa tu."

Lakini alipoona sicheki sana aliuliza zaidi, nikamweleza ya Imelda. Asubuhi aliniamsha kabla ya jogoo, akisema mtu mwenye safari kama hiyo halali mpaka kuche.

Jumanne, Nyakahura. Nilikuwa nimeshawaomba vijana watatu wa Mzee Masanja waje kusukuma. Gervasi akageuza ufunguo tu, na gari likawaka. Baridi ilikuwa ileile, dizeli ileile, dereva yuleyule. Nilimtazama, naye akanitazama. Alisema labda linaona haya mbele ya wageni.

Lusahunga tulikuta malori ya jeshi yanakwenda kaskazini, tukasimama kando yapite. Nilitazama nyuso za vijana wale moja moja, nikitafuta wanane wangu. Sikuwaona. Mlinzi wa njia alisoma barua yetu, akaona muhuri, akatuachia.

Mchana tuliingia Biharamulo. Nyumba ya Bwana Athumani ilikuwa karibu na soko, yenye baraza na ua nyuma. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na watoto wote wamezaliwa hapahapa. Mkewe, Bi Zuhura, mama mtu mzima, alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitika marahaba, akaninawisha, akanipa chai ya tangawizi na wali. Nikamwambia nimefuata gari la petrori.

"Sema petroli, mwanangu," alisema. "Ukiomba petrori utapewa la mabua, la watoto."

Tulicheka. Nilipomweleza sababu ya safari alifungua sanduku akatoa doti ya khanga mpya, akasema ni ya kumpokea mtoto.

Jumatano asubuhi, uani. Gari letu likawaka tena kwa mguso mmoja. Bwana Athumani alilizunguka, akasikiliza mlio, akafurahi, akaita kalamu. Gervasi alinipiga jicho nikae kimya. Nilitaka kumtii, nawaambia kweli. Nilimwona Imelda, niliziona zile maili nne. Lakini nilikuwa nimekula wali wa watu, na khanga ya mama mwenye nyumba ilikuwa kikapuni mwangu.

"Bwana Athumani," nilisema, "gari hili kwetu haliwaki. Tunalisukuma kila asubuhi. Mtoto amekufa kwa sababu yake. Lisikudanganye macho."

Kalamu ikawekwa chini. Gervasi aligeuka akatoka mpaka getini. Bwana Athumani alisema kwa upole kwamba basi hawezi kuchukua ugonjwa wa watu. Hata hivyo sikuondoka. Nilimwambia sitarudi kwetu na gari lile, kama hatabadilishana nami anioneshe mwingine mwenye ya petroli, nitakwenda kwa miguu kumwomba.

Akamwita fundi wake, Rajabu, kijana mwembamba mwenye mafuta mpaka masikioni. Rajabu alifungua boneti, akashika hiki na kile kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za gari. Aliuliza zahanati iko umbali gani, na kama gari linakwenda mahali pengine.

"Maili nne," nikasema. "Haliendi pengine."

"Basi haliumwi. Mnalinyima safari." Alipangusa mikono. "Dizeli kuwaka kunakula betri sana. Inataka kwenda mbali, injini ipate moto, betri ishibe. Ninyi mnawasha, mnafika, mnazima. Kesho asubuhi betri ina njaa. Hata angeendesha malaika lisingewaka."

Ndipo nikaelewa kilichotokea Nyakahura. Bwana Athumani naye alielewa, maana safari zake zilikuwa Mwanza na Bukoba, na gari lililokuwa likitufia sisi yeye lingemfaa. La kwake lilimlia petroli nyingi huko mbali, lakini sisi kwa maili nne tungelinywesha nini? Kibuyu kimoja cha petroli. Aliokota kalamu akatia sahihi.

Sikuwa nimemaliza. Nilimwambia Rajabu azime lile la petroli, atoe waya wa betri kabisa, anipe hendeli. Wanaume walitazamana. Nikasema huko kwetu hakuna mwanaume wa kunisaidia, kwa hiyo kama siwezi hapa, siwezi. Rajabu alirudisha waya akasema bila betri haliwaki hata kwa hendeli, ila betri hata ikibaki na nguvu kidogo tu inatosha. Akanifundisha: unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini, na kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, kisikumbatie chuma, maana injini ikipiga teke itakivunja. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ilinipiga teke mpaka bega likalia. Mara ya tatu ikanguruma, na Bi Zuhura akapiga kigelegele dirishani.

Alhamisi, njiani. Tulitoka Biharamulo saa tisa usiku ili tufike kwetu siku hiyohiyo, na Gervasi hakuongea nami njia nzima. Rajabu alikuwa amemwambia kwamba petroli inaogopa maji, kwamba kabla ya kuvuka afunge gunia mbele na aende polepole, lakini mtu mwenye hasira hasikii. Tulipofika kwenye kile kijito aliingia kama alivyozoea. Katikati gari likakohoa mara moja likanyamaza. Maji yalikuwa yanapita chini ya miguu yetu. Hapakuwa na mtu upande huu wala ule.

"Nilikuambia," alisema Gervasi.

"Uliniambia. Sasa fungua boneti."

Nilishuka kwenye maji. Nguo zangu zote zilikuwa zimelowa, kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, ile khanga ya mtoto. Niliichana vipande viwili. Kwa kipande kimoja nilikausha plagi alizokuwa ananipa Gervasi moja moja, na kile kifuniko cheusi zinakotoka nyaya zake. Kingine nilikiweka kifuani kisilowe. Kisha nikachomeka hendeli, maji yakiwa mapajani, nikavuta. Sikuhesabu mara ngapi. Ilipowaka, Gervasi alinipa mkono nipande, na kuanzia pale akawa anaongea.

Tulifika nyumbani jioni ileile. Watoto walilikimbilia gari wajue kama linasukumwa. Imelda alikuwa mlangoni, mzima.

Jumapili, kumepambazuka na mvua ya kukata. Uchungu ulimshika Imelda kabla hatujachemsha uji. Gervasi alikaa kwenye usukani, mimi nikavuta hendeli, ikawaka mara ya pili. Kufika zahanati hata kanisani hawajapiga kengele. Nesi Domitila alimwingiza ndani akafunga mlango, tukabaki kwenye gari linalonguruma. Zamani kila tulipoizima dizeli pale tuliogopa haitawaka tena. Gervasi aliweka mkono kwenye ufunguo akaniuliza azime.

"Zima," nikasema.

Akazima. Kukawa kimya kabisa, mvua tu juu ya bati. Sijui tulikaa muda gani. Kisha, kutoka kule ndani, tukasikia mtoto analia.

Nilichojifunza kwenye safari ile ni kwamba tulikuwa tumetafuta kosa kwa mtu miaka miwili, na kosa lilikuwa kwenye maili nne. Nilimwambia Gervasi palepale, kwenye kiti cha mbele, kwamba tulimwonea, na kwamba nitalisema mbele ya mkutano wa kijiji.

Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sema, Mama Simeo," alinijibu. "Na ukimaliza useme dizeli nayo mliionea."