Kidonge cha Jumapili

Mama yangu alitaka serumu, mimi nikamchagulia vidonge. Ninalisema hili mapema kwa sababu majirani zangu hapa Kasongo wanasema mifupa ndiyo iliyommaliza, nami huwa nawaacha waseme.

Alikuwa mjane, akilima mihogo kule Kabambare. Alinipa jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto mwenye jina la bibi huitwa kama bibi mwenyewe. Kwa hiyo tangu nikiwa mgongoni aliniita Mama, na nilipokua nikawa natoa amri, alijibu "Ndiyo, Mama," kama mtoto anayetumwa maji. Watu walicheka wakisikia. Mimi nilizoea kutiiwa.

Kwanza alivunjika mkono kwa kujishikiza chini alipokuwa akiinuka kwenye kigoda. Hakuanguka kutoka juu ya mchikichi, jamani, aliinuka tu! Kisha mgongo ukaanza kupinda. Nikamleta Kasongo kwa pikipiki, siku mbili za matope, naye akilia kwenye kila shimo. Nikamwambia anyamaze, dereva asije akatuacha porini.

Daktari wa lopitali alikuwa mgeni, akasema nami kwa Kifaransa, na mimi nikawa namfasiria mama kwa kifupi. Mifupa yake, alisema, imeliwa ndani kama muhogo wenye wadudu. Dawa ziko, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kidonge, mara moja kwa juma: anakimeza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, halafu anakaa wima nusu saa, ameketi au amesimama. Asijilaze, wala asiiname, maana kidonge kikirudi juu kinachoma njia ya chakula. Ya pili inapita kwenye mshipa: serumu ya mifupa, mara moja tu kwa mwaka. Itaagizwa Bukavu. Kabla ya kuitundika watapima damu waone kama figo ziko sawa, na baada yake anaweza kuwa na homa siku moja mbili, kama ya malaria, kisha inapita.

"Ipi ina nguvu?" nikauliza.

"Zote mbili zinafanya kazi. Muulize mama ataweza ipi. Kidonge kinataka afuate masharti kila juma bila kukosa. Serumu inataka afike hapa mara moja kwa mwaka."

Mama alikuwa amelisikia neno serumu, hakungoja tafsiri. "Mie nataka serumu, Mama. Kinini ya kumeza banatupa kila siku, haiponeshi mutu. Serumu iko na nguvu."

Nikacheka mbele ya daktari. Kwetu ukimeza kidonge, nani atajua? Lakini ukitundikiwa serumu, habari inavuka mto. Watu wanakuja na kuku, wanakaa, wanatazama ile chupa inavyodondoka, wanarudi kwao wakisema fulani ni mgonjwa kweli. "Unataka watu wakuone umetundikwa," nikamwambia. "Maringo gani hayo na uzee wako?" Akatabasamu kwa aibu, akafunika mdomo kwa ule mkono uliovunjika.

Maringo yake hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka arudi kwangu kila mwaka. Tangu afike, kila alfajiri aliamka kabla ya adhana, akachukua ufagio wa njiti, akafagia uwanja wangu wote, amejikunja, pua karibu na mavumbi. Jirani mmoja, mke wa mnunuzi wa dhahabu, akaniuliza yule bibi ninamlipa nini. Nilitaka ardhi inimeze! Nikaingia ndani nikamwakia mama, naye akanijibu polepole kwamba uwanja usiofagiwa jua likichomoza ni uwanja wa mtu aliyekufa.

"Vidonge," nikamwambia daktari.

Siku ya kuondoka, pikipiki ikiwa tayari inanguruma na wateja wakiniita dukani kwangu, nilimtia pakiti mkononi. "Jumapili asubuhi, kabla ya kula. Maji kikombe kizima. Halafu usirudi kitandani!"

"Ndiyo, Mama."

Baada ya majuma machache alipanda mpaka kwenye kilima chenye mtandao akanipigia simu. Kifua kinamuwaka, alisema. Nikamuuliza kama anameza kwa maji ya kutosha. Kikombe kizima, Mama. "Basi meza," nikasema. "Najua unachokitafuta. Unatafuta serumu." Akapiga tena: sasa hata bugali haipiti, hata sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa vizuri. "Kunywa uji. Na ukiacha hicho kidonge, usinipigie tena." Hakuacha hata Jumapili moja.

Aliyenipigia baadaye alikuwa mwenzake wa kanisani. "Kuja umuone mutu wako," akasema, "anaisha."

Nilikwenda na hasira, njia nzima nikipanga maneno. Nilifika Jumamosi jioni. Alikuwa nusu ya mtu niliyemwona Kasongo, mikono yake imebaki njiti. Nikamwambia, "Umejikondesha ili nikuonee huruma." Naandika maneno haya kama nilivyoyasema, sikuyaongeza wala kuyapunguza.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni. Alimeza kidonge, akanywa kikombe chote kwa shida, akakiweka chini. Kisha akachukua ufagio, akainama mpaka kichwa kikashuka karibu na magoti, akaanza kufagia. Baada ya hatua tano akasimama, akashika kifua, akameza mate, akainama tena.

"Unafanya nini!" nikapiga kelele.

Akashtuka, akainuka nusu. "Uliniambia nisirudi kitandani, Mama. Sikurudi hata siku moja."

Nikamnyang'anya ufagio. Nikamgombeza mpaka majirani wakatoka: hana akili, kwa nini hakuuliza, nani aliyemwambia ainame? Nikiwa bado nagomba nilijua. Neno la daktari la kuinama lilikuwa kichwani mwangu tangu siku ile, lote kwa Kifaransa, na sikuwahi kumfasiria. Na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote anachofanya kila alfajiri.

Nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, tukarudi kwa pikipiki. Kabla ya Kasongo tuliingia kwenye shimo kubwa, nikasikia pumzi yake inakatika mgongoni mwangu. Safari hii hakulia. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

"Kidonge kikome leo," daktari alisema. "Njia ya chakula imeungua."

"Basi tumpe ile serumu ya mifupa. Iagizwe leo leo."

Akanionyesha karatasi ya damu. Figo zilikuwa zimechoka kwa kukaa muda wote huo bila kula wala kunywa vizuri. Ile dawa sasa ingemdhuru. Kama figo zitaamka, tutaona. Kwa sasa atamtundikia maji ya chumvi na sukari tu, apate nguvu.

Muuguzi akaitundika chupa. Mama akafumbua macho, akayafuata matone, moja, moja. Uso wake ukafunguka, nikamwona kama alivyokuwa zamani siku za sikukuu. Akaniomba kitambaa chake kizuri cha kichwa, nikamfunga.

"Ndiyo ile ya mifupa?" akauliza.

Nilitaka, angalau mara moja, kumtendea wema. "Ndiyo," nikasema, "ndiyo ile."

Akaitazama muda mrefu. "Kumbe ilikuwako tangu siku ile."

Nikasema ndiyo tena.

Akageuza uso ukutani. Watu wa kwetu waishio hapa mjini walipokuja na kuku wao, aliwasalimu mmoja mmoja kwa jina. Mimi aliniita weye, siku ile na siku zote zilizobaki.