Kidonge Kwenye Kisanduku cha Vifungo

Fundi alikuwa na jicho la rangi. Ukimletea uzi mweusi kwa kitambaa cheusi, atakuambia weusi huu na ule hawajawahi hata kusalimiana. Kwa sifa hiyo alipewa kazi ya majoho sitini ya mahafali ya chuo, yeye aliyeacha shule kabla herufi hazijaingia kwenye hesabu. Wasomi wangeyavaa, wangepigwa picha, na hakuna ambaye angeuliza mshonaji alipata daraja gani.

Miezi miwili nyuma vidole vyake vilivimba hata mkasi ukawa adui. Daktari wa kliniki akamwandikia prednisoloni, kila asubuhi baada ya kula. Vidole vikanywea, Fundi akarudi kwenye cherehani akitamba. Vidonge alivitoa kwenye pakiti, pakiti akazitupa, na vidonge akavimimina kwenye kisanduku cha vifungo, chumba cha pili kutoka kushoto. Pakiti za nini? Jicho lipo.

Joho la arobaini lilipoisha, kiuno kikagoma. Hapo akajitokeza shemeji yake, mdogo wa mumewe na mpiga pasi wa karakana. Walimwita Dokta kwa sababu moja tu: hajawahi kusikia ugonjwa akanyamaza.

"Shem, kiuno hicho cha dakika tano," alisema, akitoa vidonge vya rangi ya chungwa. "Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Mimi vilininyanyua nikiwa siwezi hata kuvaa soksi."

"Havitagombana na vyangu?"

"Vigombanie nini tumboni? Kiwanja?"

Fundi akacheka, akameza, vilivyobaki akavitia chumba kile kile. Kiuno kikatulia kweli. Siku ya tatu tumbo likaanza kuwaka. Akailaumu chai. Akaacha chai, moto ukabaki pale pale.

Kesho yake aliingia mfamasia wa duka la dawa la jirani, binti mwenye sketi iliyompwaya. Fundi akampandisha juu ya stuli, akaizungushia sketi pini kila upande.

"Usitikisike, mwanangu. Pini hazina dini."

Akafungua kisanduku, akatoa kifungo, akakiweka kiunoni mwa sketi. "Kinaendana, au sivyo?"

Mfamasia akainamisha macho tu. "Kinaendana sana, mama. Ila hicho ni kidonge."

Pasi ya Dokta ikasimama.

"Ni cha kiuno," Fundi akasema. "Hiki cha chungwa. Vile vyeupe ni prednisoloni, vya viungo."

"Cha chungwa si jina. Dukani kwangu vya chungwa viko kumi na kitu. Pakiti iko wapi?"

Dokta akaitoa mfukoni polepole, kama mtu anayekabidhi leseni kwa trafiki. Diklofenaki.

Mfamasia alitaka kushuka, pini zikamkumbusha. Basi akahutubia kutoka juu ya stuli, mikono imetanuka, kama sanamu ya shujaa fulani aliyesahau kumalizia kuvaa.

"Tumbo likoje?"

"Linawaka."

"Umetapika damu? Choo kimekuwa cheusi kama lami?"

"Jamani, mbele ya shemeji yangu!"

"Ajifanye kiziwi. Nijibu, mama."

"Hapana. Vyote hapana."

"Ungesema ndiyo, ningekukimbiza hospitali na pini zangu hivi hivi. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hizo ni ukoo mmoja: zinadhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Ukizimeza pamoja na prednisoloni, hatari ya vidonda na kuvuja damu inapanda. Ukilazwa, majoho hayo yaliyobaki anashona nani? Dokta?"

Fundi akamtazama Dokta, akatazama vitambaa vilivyokatwa. Wazo hilo lilimuuma kuliko kiuno.

"Basi natupa vyote, na vyeupe pia!"

"Thubutu! Vyeupe usiviache ghafla, mwili umeshavizoea, unaweza kuanguka vibaya. Wa kuvipunguza ni daktari wako. Cha kuacha ni hivi vya chungwa, na kliniki unaenda leo."

"Na kiuno?"

"Huko kliniki muulize daktari kuhusu parasetamoli. Kwa mtu kama wewe mara nyingi ndiyo salama zaidi, mradi usivuke kipimo kilichoandikwa, wala usichanganye na dawa ya mafua ambayo tayari ina parasetamoli ndani. Soma pakiti, mama."

"Mimi hazikunifanya kitu," Dokta akanung'unika.

"Wewe unameza prednisoloni?" Fundi akamgeukia. "Humezi. Kumbe ulinivalisha suruali yako, bila hata kunipima!"

Kliniki walimwongezea dawa ya kulinda tumbo, prednisoloni ikabaki kama ilivyokuwa, kiuno kikapewa parasetamoli na amri ya kuinuka kwenye cherehani kila saa. Moto ukazimika. Kwenye kisanduku vikabaki vifungo peke yake. Dawa zilihamia ukutani, ndani ya pakiti zake, kwenye mfuko alioushona kwa mabaki ya joho.

Majoho yalichelewa siku mbili. Msimamizi wa chuo akaja juu juu, ameshika kichwa. "Chuo kizima kinawasubiri!"

"Cheti wamekisubiri miaka minne," Fundi akasema, "joho litawashinda?"

Dokta alipoona kichwa kimeshikwa, mkono ukaanza safari ya mfukoni. Fundi akainua mkasi. Mkono ukarudi mtupu.

"Kwanza muulize anameza nini," alisema, akaendelea kukunja joho la sitini.