Kamera Isiyovuta

Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, alinunua kamera yake ya kwanza akiwa na miaka hamsini na minne. Kabla ya hapo alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na hakuwahi kupiga picha ya maana hata kwa simu. Naandika nikijua atasoma, na nikijua atasema nimetia chumvi. Sijatia.

Sababu ya kamera ilikuwa mama yangu. Mama ana miaka themanini na mmoja, anaishi nasi, na mchana hukaa na Mama Pacha kwenye chumba cha cherehani akimsaidia kufumua nguo za kurekebishwa. Ana mkono mwepesi, hajawahi kuchana kitambaa cha mteja. Lakini picha hana. Alipokuwa msichana taa ya mafuta ilimlipukia ikamwachia kovu kwenye shavu la kushoto, na tangu siku hiyo hakukubali kupigwa picha na mtu. Kwenye picha za sherehe za watu mama ni mgongo, au ni mtandio, au ni pengo kati ya shangazi wawili, mahali alipokuwa amesimama kabla ya kuinama ghafla kufunga kiatu. Iko ile ya kitambulisho, nyeusi tii, ukubwa wa kucha, na hiyo ameiviringisha kwenye leso anayoijua yeye. Kioo cha kujitazama hana. Nywele hujisuka kwa kupapasa. Na sisi aliotuzaa na kutulea hatukuwahi kulitaja lile kovu, si mbele yake wala nyuma yake. Mtoto aliyelinyooshea kidole alifinywa papo hapo.

Mwaka juzi kifua kilimbana akalazwa siku tisa. Akapona, akarudi nyumbani akilalamika kwamba mashuka ya hospitali yamepindwa ovyo. Mimi ndiye niliyebaki mgonjwa. Nikamwambia mke wangu waziwazi, "Mama angetutoka, nisingekuwa hata na sura yake ya kuwaonyesha wajukuu." Nilisema nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Mama Pacha alikuwa na pini mdomoni kwa hiyo hakunijibu. Wiki moja baadaye, tukiwa mezani, akasema, "Baba Pacha, nataka kamera. Si ya simu. Ile yenyewe, ya kubadilisha lenzi."

Sasa, mimi kazi yangu ni kupima viwanja. Miaka ishirini na minane nimeinama nyuma ya darubini yenye miguu mitatu, na mtu asinifundishe habari za lenzi. Nikajiteua mshauri mkuu. Nilichora jedwali la kamera kumi na moja: megapikseli ngapi, betri inakaa muda gani, lenzi inavuta mpaka wapi. Mama Pacha alilitazama, akalisifu mistari iliyonyooka, akalikata likawa patani, kielelezo cha kukatia mfuko wa shati. Nilikasirika siku mbili.

Dukani tulimkuta mpiga picha mmoja mnene, mtaratibu, aliyeacha kupiga picha za harusi kwa sababu ya mgongo na sasa anauza kamera, mpya na zilizotumika. Nilianza kumsomea mahitaji yetu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mwenye shida.

"Mama, unataka kupiga nini?"

Katika jedwali langu lote sikuwa nimeweka safu ya swali hilo.

"Mtu mmoja," Mama Pacha akasema. "Hapendi kupigwa."

"Ndiyo maana nasema lenzi ndefu!" nikadakia. "Unasimama kule mbali, yeye hana habari, unabonyeza, umemaliza kazi."

Mama Pacha akaniangalia kama anavyomwangalia mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Tangu nianze ufundi sijampima mtu bila yeye kujua. Anasimama, ananyanyua mikono, namzungushia utepe. Asipotaka, simshonei. Kwani nitamwibia vipimo?"

Muuzaji akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Akapanga kamera tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ndiyo niliyoitaka mimi, kubwa, yenye vitufe kila mahali. Mama Pacha aliinyanyua akairudisha. "Hii ni pasi ya mkaa," akasema. Kwenye ya pili kidole hakikukifikia kitufe. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, ya watu wanaoanza, imetumika mwaka mmoja, pembe moja imekwanguka. Aliishika, kidole cha shahada kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Akaweka jicho kwenye kile kidirisha cha nyuma akalizunguka nalo duka zima polepole, mpaka nikadhani kuna kitu kimeharibika.

"Inanikaa," akasema. "Halafu naona vitu kama vilivyo."

Muuzaji akamweleza kwamba ndani kuna kioo, na kwamba anachokiona kinapitia kwenye lenzi yenyewe. Akibonyeza, kioo kinaruka na picha inaingia. Kisha akatoa lenzi fupi, nyepesi. "Kwa anayeanza, mimi nampa hii. Mwili wa kamera utaubadilisha siku moja, lenzi nzuri utabaki nayo. Hii inatosha hata ndani ya nyumba, kwa mwanga wa dirisha tu, humuliki mtu machoni. Ila haivuti. Ukitaka mtu awe mkubwa, msogelee. Ukitaka awe mdogo, rudi nyuma."

"Kamera gani haivuti?" nikauliza, na sauti ilinipanda kidogo, nakiri.

"Na miguu tumepewa ya nini?" Mama Pacha akajibu, akafungua pochi.

Wiki mbili za kwanza alipiga kila kitu kilichosimama. Alinipiga mimi, jirani muuza vocha, fundi bomba, pacha wetu wawili walipokuja kututembelea, na wateja waliokuja kujaribu nguo. Kisha jioni moja akanipa kamera nimtazamie picha, maana mimi ndiye mtaalamu. Nikatazama ya kwanza. Ya pili. Ya ishirini. Nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa tena.

Hakukuwa na kichwa hata kimoja. Kila mtu alianzia shingoni. Mabega yametulia katikati, vifungo vimeonekana vyote, pindo la chini limenyooka, na juu ya kola hakuna kitu. Ukumbi mzima wa watu waliochinjwa wakiwa wamependeza.

"Mama Pacha, vichwa viko wapi?"

Akaja akachungulia. Alipitia picha moja moja, na niliona uso wake ukibadilika. "Haki ya Mungu, sikuviona," akasema. "Macho yangu yameenda begani yenyewe. Miaka thelathini, Baba Pacha! Kichwa sijawahi kukishonea."

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa mama chumbani kwake. Akataka kuona. Mama Pacha akamwonyesha.

"Huyu nani?"

"Ni mwanao, mama."

"Nimemjua kwa kitambi." Mama akacheka, kifua kikamkaba, akanywa maji, akarudi kutazama. Alipofika kwenye picha ya mwisho aliigeuzageuza kamera mkononi. "Kama hivi ndivyo unavyopiga," akasema, "basi nipige na mimi."

Asubuhi yake Mama Pacha alisogeza kiti karibu na dirisha la chumba cha cherehani, mama akakaa na gauni la mteja mapajani akilifumua. Mke wangu hakujificha nyuma ya kamera. Alimwendea, akasimama mbele yake, akauliza kama anavyouliza urefu wa sketi, "Mpaka wapi, mama?" Mama akaweka kiganja chini ya shingo. "Mpaka hapa." Mama Pacha akarudi nyuma hatua moja, akapiga. Zikatoka picha za mikono ya mama, wembe kati ya vidole viwili, nyuzi zimemwagika mapajani. Mama alizitazama muda mrefu. Alisema gauni alilovaa linamtosha.

Ikawa desturi. Kila siku ya pili, kiti, dirisha, na lile swali. Mpaka wapi, mama? Kwa wakati huo mke wangu alikuwa amekwisha kujifunza kuweka vichwa kwa watu wengine wote. Nami nilikuwa na kichwa changu, na si kizuri kama nilivyodhani. Ila kwa mama hakupita kiganja hata kwa unywele mmoja. Wiki ya tatu kiganja kilipanda kikafika kidevuni, kikakaa hapo. Mwezi ukaisha kikiwa pale pale.

Mimi subira sina, sikuumbwa nayo. Kila mama alipokohoa nilihesabu siku. Mchana mmoja Mama Pacha alikuwa ameenda kununua uzi. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake cha dirishani, mtandio umemshuka mabegani, mwanga umemlalia usoni. Kamera ilikuwa mezani. Mwizi hujiambia mambo mengi. Mimi nilijiambia ni kwa ajili ya wajukuu. Nikasogea taratibu, maana ile lenzi hainiruhusu kuibia mbali, nikawa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, nikabonyeza. Hakuamka.

Mke wangu aliporudi nilimwonyesha nikiwa na furaha ya mtoto. "Tumepata," nikamwambia. "Tazama. Uso wote."

Ilikuwa picha nzuri, lazima niseme ukweli. Alikuwa mama yangu hasa, midomo imeachana kidogo, kama nilivyomjua tangu nipate akili. Mama Pacha aliitazama na machozi yakamlengalenga. Kisha akanirudishia kamera.

"Futa."

"Mama Pacha..."

"Futa, baba. Amenipa kipimo chake akasema mpaka hapa. Wewe umepita."

"Na akifa je? Nitabaki na nini?"

"Utabaki na mama aliyekuamini. Futa, halafu kesho umwambie mwenyewe."

Nilibishana naye robo saa nzima. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Mwisho nilibonyeza, kamera ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena, sura ya mama ikaondoka. Sijawahi kumchukia mke wangu kama dakika ile, na haikuzidi dakika ile.

Asubuhi nikamwambia mama. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikulifanya tangu nilipovunja kabati la vyombo nikiwa na miaka tisa. Nilimwambia nilimpiga akiwa amelala, uso mzima, na kwamba nimeifuta. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasimama, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Mchana hakutoka kufumua nguo. Mama Pacha alimpelekea chakula, akarudi kwenye cherehani. Nilikaa barazani nikijua nimeharibu kila kitu: kiganja kilichopanda kwa mwezi mzima nilikuwa nimekishusha kwa kidole kimoja.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo Mama Pacha alimshonea na hakuwahi kulivaa. Mtandio alikuwa ameuacha ndani.

"Mkwe wangu," akaita, "lete hiyo kamera kabla huyu hajaniiba tena."

Akakaa dirishani. Mama Pacha akasimama mbele yake, na nilikiona kidole chake kikikitafuta kitufe, yeye ambaye hupitisha uzi kwenye sindano akiwa anazungumza na mtu mlangoni.

"Mpaka wapi, mama?"

Mama hakuweka kiganja popote. Aligeuza kiti, shavu la kushoto likaelekea kwenye mwanga. "Wote," akasema. "Na upande huu. Ule mwingine kila mtu anaujua."

Mama Pacha akasogea hatua moja, akapiga. Akapiga tena. Kisha akamsogezea kamera, akamwonyesha jinsi ya kuikuza picha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma. Mama alivaa miwani yake. Aliitazama picha, akaisogeza karibu, akaipitishia kidole kama anayetafuta tundu la sindano. Alipapasa shavu lake, akatazama tena, akapapasa tena.

"Liko wapi?" akauliza.

Tulitazamana mimi na mke wangu. Maisha yetu yote hatukuwahi kulijibu swali hilo kwa sauti. Mama Pacha akainama akaonyesha, karibu na sikio, mahali ambapo mistari ya uzee ilikuwa imekutana na kitu kidogo, chepesi, cha ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hili?" Mama akasema. "Hili tu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Vidole vyangu vilikuwa vinaniambia limekula shavu zima." Aliiinamia ile picha tena, kisha akainua macho akanitazama mimi, si kwa hasira, ila kwa mshangao wa mtu aliyesimama kwenye foleni siku nzima akaambiwa ofisi ilikuwa wazi. "Na ninyi mnaliona kila siku. Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani ndiyo adabu, mama."

"Adabu," akasema. "Miaka sitini na mbili ya adabu." Akatikisa kichwa, na mdomo ukaanza kumchezacheza, sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka, na kilikuwa kicheko. "Haya, lete kiti. Kaa hapa, tupigwe."

Nikavuta kiti nikakaa kando yake, upande wa kushoto, na mke wangu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cherehani ili tuenee wote wawili.