Mgeni Aliyepitiliza Hadi Gereji

Wilma Mennie alimngoja mumewe miaka thelathini. Si kwamba Dod alikuwa mzururaji. Alikuwa fundi wa visima vya mafuta, na visima vyenyewe vilikuwa katikati ya Bahari ya Kaskazini. Wiki mbili yuko kwenye jukwaa la chuma huko baharini, wiki mbili yuko nyumbani, na kati ya hizo mbili za nyumbani, ya kwanza alilala na ya pili alinuna kwa sababu siku ya helikopta ya kumrudisha kazini inakaribia. Watoto wao wote wawili walizaliwa baba yao yuko baharini. Wanawake wengi wa mji wao wa Ellon, Uskoti, waliishi hivyo, nusu wake nusu wajane, na Wilma hakulalamika. Aliuza mikate dukani, akalea, akangoja.

Kwa hiyo Dod alipostaafu, Wilma alijua anachokitaka. Walinunua karavani, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ili waende visiwa vya Orkney na Skye, na Alhamisi jioni wawe wanacheza dansi ukumbini kama walivyocheza wakiwa wachumba.

"Sasa ni wangu," alimwambia mdogo wake, Netta. "Bahari imeshachukua fungu lake."

Dod alikaa kitini majuma machache, akakoroga chai, akatazama dirishani. Kisha akaingia gereji na hakutoka.

Kuna kitu kimoja kilichomkera miaka yote ile kazini, nacho ni ukoko. Maji yanayopanda na mafuta huacha ukoko wa chumvi ndani ya bomba, mgumu kama jiwe. Bomba huziba polepole, mafuta hupungua, na kulisafisha ni kazi ya siku nyingi na watu wengi. Dod alikuwa na wazo la kichwa cha chuma chenye matundu, kinachozungushwa na nguvu ya maji na kukwangua kadiri kinavyoshuka. Akanunua mashine kuukuu ya kuchongea vyuma, akakitengeneza. Akasajili pia kampuni, yeye mkurugenzi, Wilma katibu. Wilma alitia sahihi bila kusoma, akidhani ni mchezo wa kupitishia kipupwe.

Mjini Aberdeen kulikuwa na ofisi iliyofanya kazi ya kuzisaidia kampuni ndogo zenye kitu kipya kufika mbele ya kampuni kubwa za mafuta. Dod alipiga simu, wakamtuma Ailsa Tocher.

Siku ya kwanza Wilma alitandika meza ya sebuleni, akatoa vikombe vizuri. Ailsa aliingia na buti za mpira, nywele fupi zimelowa ukungu, mwanamke wa makamo asiye na urembo wa kumtisha mtu. Alisalimia vizuri. Akachukua mkate mmoja wa siagi, akaupaka jemu akiwa amesimama.

"Mtamu kweli, Bibi Mennie. Kiko wapi?"

"Kiko wapi nini?"

"Chombo!"

Akapitiliza hadi gereji, mkate mkononi. Vikombe vizuri vikabaki vinatazamana.

Walikaa huko mpaka supu ikapoa. Wilma alisimama jikoni na mwiko wake, na kupitia ukutani akamsikia Dod anaongea. Si kujibu, kuongea, sauti imepanda, maneno yanafukuzana, katikati kicheko. Wilma aliganda. Miaka thelathini alikuwa akimuuliza mlangoni, huku akimvua koti, "Kazi ilikuwaje?" na miaka thelathini jibu lilikuwa hilo hilo: "Mabomba tu." Akadhani ameolewa na mtu wa maneno machache. Kumbe maneno yalikuwepo. Hayakuwa ya kwake Wilma.

Netta hakumsaidia.

"Anakuja lini na lini?" aliuliza, akiwa kwa Wilma anakunywa chai.

"Kila Jumatano."

"Na anakaa?"

"Mpaka mchana."

"Hongera, dada. Umepata mke mwenza, tena msomi."

"Nyamaza wewe!"

"Ana mume?"

"Waliachana."

"Ehe."

"Ehe nini?"

"Mimi sijasema kitu. Nimesema ehe tu."

Tangu hapo Wilma alianza kuona kila kitu. Aliona Dod ananyoa ndevu Jumanne usiku. Aliona shati la bluu, lililonunuliwa kwa ajili ya harusi ya mtoto wao, linavaliwa kwenda gereji. Asubuhi alimsikia bafuni akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, maana Ailsa alimwambia wakubwa wa kampuni hawataki kusikia habari za chuma chake, wanataka kusikia hasara yao. Karavani iliota kuvu uani. Alhamisi za dansi zikapita. Na mezani ilikuwa Ailsa anasema hivi, Ailsa anasema vile.

"Na viazi je?" Wilma akamuuliza siku moja. "Ailsa anasema vimeiva?"

Dod akacheka, akidhani ni mzaha.

Jumatatu moja Dod alikwenda mjini kutafuta vyuma, simu yake ameisahau juu ya kabati kama kawaida yake. Simu ya nyumbani ikalia.

"Bibi Mennie, ni Ailsa. Tafadhali mwambie Dod mkutano na ile kampuni ya mafuta umeletwa mapema. Si Alhamisi tena, ni kesho asubuhi saa nne. Nimehangaika miezi kuwapata hawa watu. Asikose."

"Nitamwambia."

Dod aliporudi, Wilma alikuwa anamenya viazi.

"Kuna aliyepiga?"

"Hakuna."

Neno lilitoka jepesi, hata yeye akashangaa. Usiku kucha alijiambia kwamba asubuhi atamwambia, bado kuna wakati. Asubuhi Dod akaingia gereji anapiga mluzi, na Wilma hakumwambia. Saa nne ikapita. Simu ya nyumbani ikaanza kulia, ya Dod ikiwa bado juu ya kabati. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Wilma akachukua mashine ya kufyonza vumbi, akaiwasha, akafagia zulia ambalo alilifagia jana yake.

Mchana Ailsa akafika. Wilma ndiye aliyefungua mlango. Walitazamana.

"Ulimwambia?"

"Nilisahau."

Ailsa alimtazama kidogo zaidi, usoni si hasira hasa, kama mtu anayesoma kibao. "Sawa," akasema, akaelekea gereji.

Wilma alishika ukingo wa sinki akasubiri mlipuko. Alikuwa tayari. Alikuwa na maneno yake ameyapanga. Lakini alichosikia kupitia ukutani ni hiki:

"Dod, nimekukosea. Mkutano ulisogezwa ukawa leo, nami nikasahau kukuambia. Nao nimewaambia kosa ni langu."

"Wewe? Usahau?"

"Hata mimi ni mtu."

"Walikasirika?"

"Wamekaa saa nzima wanakitazama kiti kitupu. Watanikumbuka kwa hilo. Niachie, nitatafuta njia."

Wilma alihisi uso unamwaka. Laiti angetukanwa! Alikuwa amejitayarishia ugomvi, akapewa hisani, na mtoaji ni yule yule. Sasa yeye na mwanamke yule walikuwa na siri ya pamoja, na mumewe yuko nje yake. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa, Dod akaingia kuchemsha maji.

"Maskini Ailsa, amechoka," akasema. "Sukari iko wapi?"

Dod, ambaye katika ndoa yote hakuwahi kujua birika linawashwaje, anatengeneza chai. Anauliza sukari. Wilma alimwonyesha kabati, akangoja mpaka gari la Ailsa likaondoka, ndipo likamtoka.

"Mimi ndiye niliyeficha."

"Umeficha nini?"

"Alipiga jana. Nikakwambia hakuna. Na leo asubuhi simu ililia nikaiacha ilie."

Dod aliketi. "Kwa nini, Wilma?"

"Kwa sababu yeye unamweleza! Unacheka naye! Mimi nimekuuliza tangu sijaota mvi, ukanijibu mabomba tu. Yeye kaingia na matope yake juzi, na wewe huna breki."

Dod alikigeuzageuza kikombe kitupu alichoacha mgeni.

"Kule nilikuwa naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Helikopta. Gesi. Vyuma vinavyoning'inia juu ya kichwa. Ningekueleza bomba, ningekueleza na hofu yake, halafu niende zangu nikuachie hofu hapa na watoto. Ailsa simwachii kitu. Kwake bomba ni bomba."

Pwani yote ile hakuna asiyemjua mtu ambaye helikopta haikumrudisha, na Wilma hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitaka kulia na alitaka kumrushia birika.

"Ungeniachia hiyo hofu," akasema. "Nilikuwa nayo hata hivyo. Nilikuwa nayo bila hata kujua inafananaje."

Hawakupatana siku ile. Siku kadhaa walizungumza habari za maziwa na pipa la taka tu, na Dod alimpigia Ailsa simu mlango umefungwa. Wilma hakujua kilichosemwa, ila Jumatano iliyofuata mgeni aliketi jikoni kwanza, dakika chache, akanywa chai, akamuuliza kuhusu duka la mikate. Wilma alimjibu kwa adabu. Hakumpenda hata kidogo. Adabu ya yule mwanamke ilimchoma kuliko buti zake.

"Mkutano mwingine ukipatikana," Dod akasema baadaye, "na wewe utakuja. Wewe ni katibu wa kampuni."

Ulipatikana mwisho wa kiangazi. Wilma alivaa koti la kanisani, akaketi nyuma ya chumba katika jengo la vioo lililotazama bandari. Badala ya kampuni moja, Ailsa alikuwa ameleta tatu. Dod alianza akijikwaa maneno, kisha akapata njia yake. Akawaeleza mafuta wanayoyapoteza, akawaonyesha kichwa chake cha chuma. Walikisogelea, wakakishika, wakauliza maswali ya watu wanaojua kazi. Wilma akaona kwamba kitu kile cha gereji si mchezo.

Halafu mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu akauliza kwa upole, "Na nani ameshakitumia?"

"Bado hakuna," Dod akasema.

Chumba kikapoa. Wakaanza kufunika kalamu. Hawakuwa watu wabaya. Ila kisima kimoja kikiharibika ni balaa, na kila mmoja wao alikuwa tayari kabisa kuwa wa pili.

Ailsa akasimama. "Nilijua litakuja hilo swali, ndiyo maana nimewaita watatu. Ninacho kisima cha zamani cha nchi kavu cha kujaribia. Changieni jaribio pamoja. Kikikwama, kimekwama kwa wote. Kikifanya kazi, hakuna atakayeachwa na mwenzake. Wa kwanza hayupo hapa."

Mwenye ndevu akacheka. "Ailsa, unatufunga kamba moja kama punda."

"Punda watatu hawaogopi giza kama mmoja. Tutie sahihi?"

Wilma alimtazama. Aliona macho ya Ailsa hayakuwa kwa Dod hata mara moja; yalikuwa kwenye kalamu zile tatu, moja baada ya nyingine, mpaka zikafunuliwa tena. Hapo wivu wake ukageuka, haukwisha. Alitamani sana mwanamke yule awe hodari wa wanaume na mbovu wa kazi. Kumbe alikuwa hodari wa kazi, na Wilma, katika maisha yake yote, hakuwahi kusimama mbele ya watu akajua kitu kwa namna ile.

Jaribio lilifanyika majira ya kuchipua. Siku ya kwanza kichwa kilikwama, Dod akageuka mweupe kama unga, ikabidi kivutwe na matundu yachongwe upya. Mara ya pili kilishuka hadi chini, na maji yaliyorudi juu yalijaa ukoko uliosagika kama maganda ya mayai. Wilma alikuwepo, kofia ngumu kichwani, na Dod alipogeuka kutafuta wa kumkumbatia alimkumbatia yeye. Wilma aliangalia kwanza kama Ailsa ameona. Ailsa alikuwa pembeni, anaongea na simu.

Kampuni ya Norwei ilinunua haki za chombo kile, na Dod akawa anakwenda Stavanger, mji wa huko, mara chache kufundisha mafundi. Karavani ilisuguliwa kuvu, wakafika Orkney, mvua ikawanyeshea siku zote.

Ila Jumatano Ailsa hakuja tena. Dod alipiga simu mara moja, mara mbili, akarudi jikoni midomo imemshuka.

"Yuko na ndugu wawili wa mji wa Fraserburgh. Wana kamera ya kuingiza kisimani." Akavuta kiti. "Kamera! Kamera zimejaa tele."

"Una wivu," Wilma akasema.

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Mwenzako ameolewa kwingine."

Masikio ya Dod yakawa mekundu. Wilma akacheka mpaka akashika mbavu. Baadaye, akiosha vyombo, kicheko kilimwisha polepole, maana alikumbuka kwamba Dod hakukataa.

Mwaka uliofuata kulikuwa na chakula cha jioni cha watu wa mafuta katika hoteli mjini, na Dod akapewa tuzo ya kioo. Alipokwenda kupigwa picha, Wilma akabaki mezani. Kando yake aliketi mwanamke kijana mwenye gauni la kijani, hajagusa chakula. Alikuwa anatazama upande wa pili wa ukumbi, ambako Ailsa Tocher alikuwa amemwinamia kijana mmoja wa Fraserburgh, anamsikiliza kwa mwili mzima, wote wawili wanacheka.

"Samahani, mama," yule mwenye gauni la kijani akamuuliza Wilma. "Yule ni nani hasa?"

"Ailsa. Anazisaidia kampuni ndogo."

"Hilo najua. Kila siku naambiwa. Ailsa anasema hivi, Ailsa anasema vile." Akaisukuma sahani yake. "Ni kazi gani hiyo ya kucheka na mume wa mtu?"

Wilma alitaka kumweleza. Alitaka kumwambia ajitie katika mambo ya mumewe, aende mikutanoni, aulize habari za kamera mpaka achoke. Akamtazama Ailsa tena, na kitu kikamchoma chini ya kifua, kidogo, mahali pale pale.

"Hata mimi sijui, mwanangu," akasema, akamsogezea sahani ya keki. "Kula kwanza."