Msiba wa wodi ya upasuaji na kitambulisho kinachogeuka

Saa moja kasorobo asubuhi. Mhudumu wa wodi ya upasuaji anakagua magurudumu ya kitanda, anamvutia mgonjwa shuka hadi kidevuni, kisha anakigeuza haraka kitambulisho kilicho kifuani pake. Picha na maandishi vinabaki kwa ndani.

"Twende, mama yangu," anasema. "Mimi dereva mzuri, sijawahi kugonga mlango."

Mgonjwa anacheka. Hajui kwamba anayemsukuma anaitwa Msiba.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ni kupeleka wagonjwa chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Ni hatua mia moja na sitini. Siku yenye shughuli hupeleka watu kumi na wanne.

Jina alipewa na mama yake. Baba alifariki siku tatu kabla hajazaliwa, nyumba ikiwa bado imejaa waombolezaji.

"Nilikuwa na uchungu wa kujifungua na uchungu wa kufiwa," anasema mama huyo, sasa ana miaka sabini na miwili. "Ningemwitaje, Furaha?"

Shuleni alitaniwa mpaka akazoea. "Nikiingia darasani wanajifanya wanalia. Basi nami nawadai rambirambi."

Hospitalini utani ukaisha. Miaka minne iliyopita, mzee mmoja aliyekuwa akienda kupasuliwa ngiri alikisoma kitambulisho mlangoni. Alishuka kitandani, gauni likiwa wazi mgongoni, akarudi wodini kwa miguu yake. Ilichukua wiki tatu kumshawishi.

"Sikumlaumu. Hata mimi ningeshuka," anasema Msiba.

Tangu hapo hukigeuza wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, mgonjwa akishazinduka, hukirudisha mbele na kujitambulisha. "Wengine wanaguna. Wengine wanacheka mpaka naogopa nyuzi zitakatika."

Lakini kanuni ya hospitali inataka jina lionekane muda wote. Ameshapata barua mbili za onyo.

"Ya tatu ni kusimamishwa kazi," anasema muuguzi mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi. "Mgonjwa ana haki ya kumjua anayemhudumia. Simchukii. Abadili jina, yaishe."

Ndiye aliyempa fomu ya kubadili jina. Msiba anatembea nayo mkobani, imekunjwa mara nne, nafasi ya jina jipya ikiwa tupu. Mama yake hataki kuisikia. "Nikifa abadili," anasema. "Mume wangu hakuniachia hata picha. Nimebaki na jina hilo tu."

Siku tulipokuwa wodini, mama mmoja muuza mitumba alikuwa anasubiri upasuaji wa pili wa nyonga. Mhudumu mwingine alipofika kumchukua, aling'ang'ania vyuma vya kitanda.

"Siendi na wewe, mwanangu. Niitieni Msiba."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kwa mshtuko. Mmoja aliuliza kama bibi huyo ameshachomwa sindano ya usingizi.

"Akili zangu timamu," alijibu. "Mara ya kwanza alinipeleka, akanirudisha. Mnataka sifa gani nyingine?"

Msiba alikuja mbio kutoka mwisho wa korido. Mkono ulikwenda kifuani kwa mazoea, ukasita. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni, faili mkononi, akiangalia. Msiba aliushusha mkono na kuanza kusukuma, jina likiwa mbele.

Sasa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Kwa kawaida hakai hapo, hurudi wodini kuchukua mwingine. Fomu ameishika mkononi.

"Akitoka salama, namrudishia muuguzi mkuu karatasi yake ikiwa tupu, na sikigeuzi tena," anasema. Hafichi kwamba anaogopa. "Tangu nianze kukigeuza, niliowapeleka wote walikuwa hawajui. Huyu kaenda akijua. Huyu lazima arudi."