Figa la Mama Kabula

Jamani, hii naisimulia kwa sababu mmenibana, maana mpaka leo nikipita Kiseke, pale Mwanza, nainamisha kichwa.

Nilikuwa mwalimu mwanafunzi kutoka Bukoba, nimepanga chumba kwa Mama Kabula, na miezi miwili mizima sikuwa nimeongea na mtu pale uani zaidi ya shikamoo na marahaba. Wapangaji wenzangu walipiga soga kwa Kisukuma, mimi ndani peke yangu na panki langu (miaka ile minofu ya sangara yote ilienda viwandani, sisi tukabakiwa na mifupa), natamani mtu aniite tu, "Mwalimu, karibu tule." Upweke ulinikaba, sifichi.

Siku ya kukaguliwa, somo langu lilikuwa aina za miamba. Mwamba moto ninao, Mwanza unajikwaa nao kila hatua. Mwamba tabaka ninao, kipande cha jiwe la mchanga nilichotoka nacho nyumbani. Mwamba geu ndio sina. Asubuhi na mapema nikaliona figa moja la Mama Kabula, lina mistari myeupe na myeusi, geu kabisa! Nikasema nitalirudisha mchana, atajuaje? Nikalitia kwenye kikapu, na mahali pake nikaweka jiwe nililoliokota ziwani, bado linachuruzika maji.

Darasani nikatamba. Hili la kwanza ni uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi; hili la Bukoba ni mchanga uliotuama majini, tabaka juu ya tabaka, ukashindiliwa mpaka ukawa jiwe; na hili (nikaliinua juu!) lilikuwa jiwe la aina nyingine, joto na mgandamizo vikaligeuza bila kuliyeyusha.

"Mwalimu, mbona lina masizi?" akauliza binti wa dawati la mbele.

"Ndiyo joto lenyewe hilo," nikajibu, Mungu anisamehe, na mkaguzi kule nyuma akaandika kitu.

Hata hajaweka kalamu chini, Mama Kabula huyo mlangoni, kanga imelowa mchuzi, kumbe jirani aliniona na kikapu. Lile jiwe la ziwani lilipopata moto na maji yake tumboni lilipasuka paa! chungu kikaenda chini.

"Hilo figa langu," akasema. Darasa zima likaangua kicheko, mkaguzi naye, nami nikatamani ardhi inimeze.

Nikalibeba kumrudishia. Uani nikamkuta sato mzima, si panki, amelala majivuni.

"Nisamehe mama, nimekuharibia chakula cha wageni."

"Wageni gani? Chako hicho. Nilisema leo mwalimu ana mkaguzi, akirudi ale na sisi, kila siku anajifungia. Na jiwe si ungeomba tu? Ningekupa, tena ningekusimulia nilivyolibeba kutoka kwetu nilipoolewa."

Jioni niliwasikia wanakula na kucheka, nikakosa uso wa kutoka. Tangu hapo nikihamia mahali, siku ya kwanza tu naenda kuazima chumvi kwa jirani, hata kama ninayo.